Jinsi ya Kuandika Historia ya Kijiji na Mazingira Yake: Anza kwa Miguu

Mtu akitaka kuandika historia ya kijiji chake, kwa kawaida humtafuta mzee aliyekula chumvi nyingi kuliko wote, humketisha kitini na kumwuliza, "Mzee, kijiji hiki kilianza lini?" Nami nilifanya hivyo hivyo katika kijiji chetu kilichoko chini ya milima ya Rwenzori, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, nikarudi nyumbani na kurasa nne za daftari ambazo hadi leo hazijanifaa kitu. Mzee alinijibu kwa heshima kwamba kijiji kilianzishwa na babu yake. Kesho yake nilimwuliza jirani yake swali lile lile, naye akasema kilianzishwa na babu yake yeye. Hakuna aliyedanganya kati yao, kwa kuwa kila mmoja alieleza alichokipokea kwao. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Njia ninayoieleza hapa huanzia ardhini. Unatembea kwanza, unauliza juu ya ulichokiona, unalinganisha majibu na maandishi, na mwisho unarudi kuwasomea wenye kijiji kile ulichokiandika. Mifano yangu mingi ni ya Kasese kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini aliyeko Bududa, Butiaba au Bombo anaweza kuifuata bila kubadilisha mengi.

Kabla ya kufungua daftari

Mtu anayepita mashambani na daftari, akisimama kwenye mipaka na kupiga picha kwa simu, hushukiwa mara moja kuwa mpimaji wa ardhi au wakala wa mnunuzi, na hofu hiyo ina sababu zake. Kwa hiyo nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umweleze kazi yako, kisha umwombe akutambulishe katika mkutano wa kijiji badala ya kukuandikia barua tu. Katika mkutano huo sema wazi kile ambacho hutauliza, yaani nani anamiliki kipande gani na mpaka wake unaishia wapi. Waeleze pia kwamba mtu yeyote anaweza kukataa kurekodiwa, na kwamba aliyekubali leo anaweza kukataa kesho. Kama kijiji kinapakana na hifadhi ya taifa, pata ruhusa ya wasimamizi wake kabla ya kuvuka mpaka, hata kama mwenyeji wako atakuhakikishia kwamba njia ile hupitwa na kila mtu.

Jambo la lugha liamuliwe mapema. Kwetu kuna Wakonzo, Wasongora, Watoro na Wanyankole, pamoja na watoto na wajukuu wa watu waliokuja kutoka kila upande kufanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, na Kiswahili kilichukua nafasi yake huko mgodini na kwenye biashara ya mpaka wa Mpondwe kwa sababu hakikuwa cha kabila lolote. Mimi huandika simulizi katika lugha ileile aliyoitumia msimuliaji, halafu hutafsiri kwa Kiswahili pembeni. Ukitafsiri papo hapo na kuutupa usemi wa asili, utapoteza majina ya miti, ya udongo na ya pepo, na hayo ndiyo uliyoyafuata.

Matembezi

Panga matembezi yasiyopungua matatu, kila moja likiwa na watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke. Usimwache mwanamke nyumbani ukidhani kwamba mzee anatosha. Mara nyingi wanaume watakuonyesha mipaka, njia za mawindo na mahali pa mikutano, ilhali wanawake wanajua chemchemi iliyokauka, mahali kuni zilipokuwa zikipatikana, na udongo uliofaa kufinyangia vyungu. Anzeni upande wa juu wa mto mkishuka nao, kwa sababu maji ndiyo yaliyoamua watu wajenge wapi.

Simama kwenye kila kitu kinachoonekana kuwa si mahali pake. Miembe mitatu mikubwa iliyopangana mstari katikati ya kichaka haikuota hivyo yenyewe, kwani mtu aliipanda, na huenda hapo palikuwa na barabara, boma la serikali au kituo cha wafanyabiashara. Masale, mimea inayopandwa mipakani, yaliyobaki peke yake kwenye nyasi huenda yanaonyesha mpaka wa shamba ambalo halilimwi tena. Jiwe la kusagia lililovunjika, majivu yanayotokea jembe linapochimba na makaburi yasiyo na saruji, yote ni ushahidi wa makazi. Piga picha, andika umbali kwa hatua kutoka kitu kisichohama, kisha uache kila kitu pale pale. Ukilichukua jiwe la kusagia kwenda nalo nyumbani umeharibu ushahidi, kwa kuwa lilikuwa na maana kwa sababu ya mahali lilipolala.

Katika tembezi langu la kwanza, katikati ya shamba la maharagwe mbali na kingo za mto Nyamwamba, tulikuta jiwe la mviringo lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala, limezungukwa na mengine madogo yenye umbo lile lile. Mwenye shamba alilima kulizunguka. Mama tuliyekuwa naye alilipapasa kwa kiganja akasema, "Hili lilikuja usiku." Kwa maneno hayo matatu nilipata zaidi ya nilichokipata katika zile kurasa nne za mwanzo. Mawe ya mviringo hulainishwa na maji, kwa hiyo palipo na mawe hayo mto ulipita au ulifurika. Tukaanza kuulizana ni mafuriko yapi, ya Mei 2013 au ya Mei 2020, na kama wazee wao waliwahi kusimulia mengine ya zamani. Nyumba gani zilikuwa hapa kabla ya jiwe? Wenye nyumba hizo wako wapi sasa? Historia ya nusu ya kijiji ilitoka kwenye jiwe lile.

Mahali pengine kazi yenyewe ya watu ndiyo iliyoichora ardhi, nawe hujifunza kuisoma. Nenda Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililomo ndani ya kreta ya volkano, karibu na Ziwa Edward. Chemchemi huingiza maji yenye madini, maji hayana pa kutokea, jua linayakausha na chumvi inabaki. Kandokando ya ziwa utaona vidimbwi vilivyotenganishwa kwa matuta ya udongo na vijiti, na kwa jicho la mgeni ni viraka tu vya matope. Ukiuliza kila kidimbwi ni cha nani, umepata urithi wa ukoo hadi kwa mama wa bibi. Wanaume husimama ndani ya maji hayo makali, huvunja tabaka la chumvi lililoko chini kwa mitaimbo na kupakia mabonge kwenye vyelezo. Uliza chelezo kinatengenezwa kwa mti gani na mti huo unatoka wapi, na mazungumzo yatakuhamisha yenyewe kutoka kwenye kazi hadi kwenye misitu. Chumvi hiyo iligombewa na wafalme wa Bunyoro na Toro, na mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, alijenga ngome hapo akielekea kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha, gavana wa Misri huko Ikweta (Equatoria), kuondoka. Baadhi ya Wanubi wa Bombo ni wajukuu wa askari hao, kwa hiyo kijiji kidogo cha chumvi na mji ulioko kaskazini mwa Kampala vimo katika simulizi moja. Usiridhike na historia inayokomea kwenye mpaka wa kijiji.

Kupata tarehe bila kuuliza mwaka

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mzee hakupanga maisha yake kwa kufuata kalenda ya ukutani. Ukimlazimisha akutajie mwaka, atakutajia wowote ili muendelee. Tengeneza kwanza orodha ya matukio ambayo tarehe zake zinajulikana, kisha umwombe aseme kama jambo lake lilitokea kabla au baada ya kila tukio. Kwa eneo letu orodha yangu ina reli iliyofika Kasese mwaka 1956, uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, tetemeko kubwa la Machi 1966, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, vita vya 1979 vilivyomwondoa Idi Amin, kubadilishwa kwa noti mwaka 1987 ambapo sifuri mbili ziliondolewa, tetemeko la Februari 1994, na shambulio la waasi wa ADF huko Mpondwe la Novemba 1996 ambalo baada yake watu wengi wa mlimani walihama makwao. Wewe wa Teso utaongeza miaka ng'ombe walipoibwa karibu wote baada ya 1986, wa Bududa ataongeza maporomoko ya Nametsi ya tarehe 1 Machi 2010, na wa kando ya Ziwa Victoria ataongeza maji yaliyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 na tena mwaka 2020.

Swali linakuwa hivi: "Ardhi ilipotetemeka, mama, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa umebeba mtoto yupi mgongoni?" Tatizo ni kwamba matetemeko yetu makubwa ni mawili, yamepishana miaka ishirini na minane, na yote yalitokea usiku, kwa hiyo kuuliza kama kulikuwa na giza hakutakusaidia. Uliza badala yake kama mgodi wa Kilembe ulikuwa bado unatoa shaba. Kama ulikuwa unafanya kazi na mume wake alitoka zamu ya usiku akakuta ukuta umeanguka, hiyo ni 1966, kwa sababu kufikia 1994 uchimbaji ulikuwa umekoma zamani. Namna hii ya kuuliza inachosha, lakini tarehe iliyoshikiliwa na matukio mawili ina uzito kuliko ile iliyotamkwa kwa uhakika na mtu mmoja. Katika daftari langu kila tarehe ina alama: mstari mmoja kwa shahidi mmoja, miwili kwa wawili, na duara kama kuna andiko linaloiunga mkono.

Majina ya mahali ni akiba nyingine ya tarehe. Uliza jina lina maana gani katika lugha iliyolizaa, na uwe na mashaka na tafsiri tamu mno, kwa sababu watu hupenda kutunga kisa kinachofanana na neno. Majina yaliyobadilishwa na serikali husaidia zaidi kwa sababu yana mwanzo na mwisho. Hifadhi iliyopakana nasi ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth alipozuru. Ziwa Edward liliitwa Ziwa Idi Amin katika miaka ya 1970. Ukiokota risiti ya samaki isiyo na tarehe lakini yenye jina hilo la ziwa, risiti yenyewe imeshakuambia iliandikwa katika utawala gani.

Maandishi

Andiko la karibu zaidi mara nyingi ni daftari la ubatizo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, na misheni ya Virika huko Fort Portal ilianzishwa mwaka 1895, kwa hiyo hata parokia changa inaweza kuwa na majina ya wazazi, kijiji walikotoka na mwaka aliozaliwa mtoto. Mwombe padri au mchungaji akusomee, usimwombe kuliazima. Misikitini maandishi huwa machache, ila ukimwuliza imamu jinsi kiwanja cha msikiti kilivyotolewa wakfu, nani alikitoa na nani walishuhudia, mara nyingi utapata simulizi iliyohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Shule za zamani zina madaftari ya mwalimu mkuu, na makao ya gombolola (tarafa ndogo) yanaweza kuwa na mafaili ya mashauri, kama mchwa hawakuyatangulia.

Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Wandegeya, Kampala, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina makusanyo mazuri ya machapisho ya zamani. Ofisi ya upimaji Entebbe ina ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za angani. Ramani ya namna hiyo ukiitandaza mbele ya wazee kwenye mkeka, wanaanza kubishana wenyewe, nawe unabaki kuandika. Picha za setilaiti nazo zipo bila malipo katika Google Earth, na unaweza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka uone mto ulivyohama. Kumbuka tu kwamba andiko la mtawala lilikuwa na haja zake: liliandikwa ili kodi ipatikane, au ili kuhalalisha kuwahamisha watu.

Kuandika mazingira

Wengi huandika mazingira kama pambo la sura ya kwanza: kijiji kina mito, milima na hali ya hewa nzuri. Hiyo haimsaidii mtu. Kila kitu cha asili kiandikwe pamoja na mabadiliko yake na sababu yake. Tembo walipungua vibaya katika hifadhi yetu kwa ujangili wa miaka ya 1970, baadaye wakaongezeka, na leo mkulima anayelala shambani akipiga debe usiku ana historia hiyo mikononi. Kando ya Ziwa Edward na Ziwa George watu walihamishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa sababu ya malale, na bila kulijua hilo utadhani pori lile lilikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Barafu ya Rwenzori ilipigwa picha mwaka 1906 na Vittorio Sella, aliyefuatana na Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, aliyefika kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Barafu iliyobaki leo ni sehemu ndogo tu ya ile inayoonekana katika picha hizo. Waonyeshe wazee picha za wakati ule, kisha uwaulize walikuwa wakiiona wapi walipokuwa watoto, na asubuhi za mwezi gani.

Kwa mimea, andika jina la kienyeji kwanza, kisha matumizi, mahali ulipouona na jina la aliyekueleza kama ameridhia. Piga picha tano: mti mzima, jani kwa juu na chini, gome, na ua au tunda. Bila ua au tunda, hata mtaalamu hupata shida kuutambua. Dawa za kienyeji zina wenyewe. Ukiambiwa mmea unatibu nini lakini ukaombwa usiandike kipimo, usiandike.

Mvua ipime mwenyewe. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka wima toka chini hadi juu, liweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, uandike milimita, kisha umwage. Milimita moja ni sawa na lita moja katika kila mita mraba, kwa hiyo hesabu hiyo itaeleweka hata kwa mkulima anayefikiri kwa jerikani. Misimu yetu ya mvua ni miwili, ya Machi hadi Mei na ile inayoanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Wazee husema siku hizi imechanganyikiwa. Inawezekana, lakini daftari la mvua la miaka mitano litaonyesha imechanganyikiwa kwa kiasi gani. Watoto wa shule hufanya kazi hii vizuri kuliko watu wazima, kwa sababu hawaoni haya kuandika sifuri siku ishirini mfululizo.

Pale simulizi zinapogongana

Nilifanya kosa moja ambalo sitaki ulirudie. Niliandika rasimu iliyosema ukoo fulani ulifika kwanza, nikampa kijana mmoja nakala asome. Baada ya wiki chache nakala hiyo ilitolewa katika kikao cha ugomvi wa ardhi kama ushahidi, na mzee aliyenikaribisha kwake mara tatu hakunikaribisha tena. Tangu hapo siandiki "wa kwanza". Naandika: "Ukoo huu unasimulia kwamba walitoka upande wa Kongo wakavuka mto na kukuta kichaka," na aya inayofuata inaeleza wanavyosimulia wengine, kwa urefu ulio sawa. Rasimu ina maneno RASIMU, HAIJATHIBITISHWA juu ya kila ukurasa, na haitoki mikononi mwangu kabla ya kusomwa mbele ya watu.

Hadhari hiyo iongezeke kwenye vita na siasa. Harakati za Rwenzururu, za Wakonzo na Waamba, zilizotangaza kujitenga na Toro tarehe 30 Juni 1962, ziligusa karibu kila nyumba ya mlimani, na bado kuna watu wasiopenda kusema nani alipigana upande gani. Andika matukio ya hadharani, acha majina ya walio hai, na usiandike kwamba jirani alimsaliti jirani hata kama watu kumi wamekuambia.

Kusoma mbele ya watu na kuhifadhi

Kazi ikikamilika, omba siku katika mkutano wa LC1, usome kwa sauti sura moja moja, ukiwa na kalamu. Chagua Jumapili alasiri baada ya ibada, au siku isiyo ya soko. Watakukatiza, na wakikukatiza shukuru. Mimi nilisahihishwa jina la kijito ambalo nilikuwa nimeliandika vibaya mara kumi na saba, na aliyenisahihisha alikuwa msichana anayechota maji pale kila asubuhi.

Masahihisho yakishaingia, chapa nakala zisizopungua nne: ya mwenyekiti, ya shule, ya kanisa au msikiti wenye kabati la kufungika, na yako. Rekodi za sauti ziweke mahali pawili tofauti, kwa kuwa simu huanguka mtoni. Kila faili liitwe kwa tarehe, mahali na mada, kwa mfano "2024-06-mtoni-mafuriko", na orodha ya mafaili yote iandikwe kwa mkono kwenye ukurasa wa mwisho wa nakala ya shule. Acha hapo kurasa tupu kumi hivi, na kalamu ifungwe kwa uzi.